Nani Atajua Kwamba Hukuja?



Kuna swali moja nililoulizwa zamani na mzee wa kanisa lisilo letu, nami tangu siku ile sijaweza kulijibu vizuri. Nimeona afadhali nililete mbele yenu, maana naamini latuhusu sisi sote wa parishi hii. Swali lenyewe ni hili: usipokuja kanisani, ni nani atakayejua kwamba hukuja?

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu wa shule huko Kikuyu, mbali na kwetu Rabai. Nilikuwa kijana bado, sijaoa, nimepanga chumba kimoja katika ua wenye wapangaji sita. Mwezi wa Agosti nilikuja nyumbani kwa likizo, na niliporudi bara nilikuwa nimebeba malaria mwilini bila kujua. Kule ni nchi ya baridi, na homa iliponishika siku ya Ijumaa nilidhani ni mafua tu. Nikafunga mlango, nikajifunika blanketi. Shule zilikuwa hazijafunguliwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunitazamia kazini. Jumapili ilipita, nami sikuweza hata kuketi kitandani.

Siku ya Jumatano mtu akabisha hodi. Alikuwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri, ambaye hakuja kwa ajili yangu. Alikuja kumtazama mama mmoja mjane aliyekaa katika ua uleule, kwa kuwa nyumba ya mama yule ilikuwa katika wilaya yake. Baada ya kusali naye alimuuliza habari za majirani, kama ilivyokuwa desturi yake, na yule mama akamwambia kwamba taa ya mwalimu haijawashwa usiku kadhaa. Mzee hakuuliza mwalimu ni wa dini gani. Alinikuta sijiwezi, akaenda barabarani akasimamisha gari dogo lililokuwa likipeleka maziwa, nikachukuliwa pamoja na makopo ya maziwa mpaka hospitali ya Kikuyu. Yule mama mjane akaniletea uji asubuhi na jioni. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji, nami nilionja maana ya neno lile.

Nilipopata nguvu nilirudi katika kanisa letu la Anglikana. Nilikuwa nimekosa Jumapili nne. Mlangoni watu walinisalimu kwa furaha, na kiongozi wa ibada akanishika mkono, akaniuliza kama nilikuwa nimefurahia likizo yangu.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Alikuwa mtu mwema, mwenye makanisa manne ya kuhudumia na baiskeli moja. Lakini nilipokwenda kumshukuru yule mzee, alinionyesha daftari lake, daftari la kawaida la shule, lenye majina ya nyumba kumi na nane. Chini ya kila jina aliandika mambo madogo madogo: mtoto aliyekosa karo, bibi mwenye mguu mbaya, mume na mke wasiosemezana. Akaniuliza, "Mwalimu, kwenu ni nani aliyepewa mlango wako?"

Nikasema, "Ni kasisi wetu, Mzee."

"Naye ana milango mingapi?"

Nikanyamaza.

Huenda wengine wetu hawajui utaratibu wa ndugu zetu hawa, basi nieleze kidogo. Kanisa lao katika nchi yetu lilitokana na Waskoti, ambao misheni yao ilianza Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu mwaka 1898. Kanisa lao la mawe pale Thogoto, liitwalo Kanisa la Mwenge, lilifunguliwa mwaka 1933, na wote wapitao njia ile hulitazama. Hawana askofu. Kusanyiko huongozwa na mchungaji pamoja na baraza la wazee, na juu yake ziko presbiteri, na juu ya presbiteri Baraza Kuu. Mzee wa kanisa hakuchaguliwa kuketi kiti cha mbele tu. Huwekwa wakfu kwa kazi yake, awe mwanamume au mwanamke, naye hukabidhiwa wilaya, yaani nyumba kadhaa zilizo karibu, azijue na kuziangalia. Waskoti wa zamani walikuwa na desturi kwamba kabla ya siku ya Meza ya Bwana mzee azungukie nyumba zake, akimpa kila mshiriki kipande kidogo cha madini, na baadaye kadi, kuwa ishara ya kumkaribisha. Kwa njia hiyo hapakuwa na mshiriki aliyeweza kupotea kimya kimya. Kadi yake ingebaki mkononi mwa mzee, na mzee angepaswa kujua sababu.

Tena hatuna haki ya kuwaita watu hawa wageni kwetu. Mwezi wa Juni mwaka 1913 Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission walikutana palepale Kikuyu kutafuta njia ya kufanya kazi pamoja. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa, askofu wa nchi yetu hii, aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na wengi wa madhehebu mengine wakapokea kutoka mikononi mwake. Askofu Weston wa Zanzibar alikasirika mno, akamshtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na maneno yakaenea dunia nzima. Lakini matunda yalibaki. Shule ya Alliance ilifunguliwa mwaka 1926, na katika miaka ya 1950 chuo chetu cha theolojia cha Limuru kikawa cha pamoja na Wapresbiteri na Wamethodisti. Makasisi wetu wengi walisoma benchi moja na wachungaji wao. Kama tumeweza kula mkate mmoja nao, bila shaka twaweza kujifunza neno moja kutoka kwao.

Mimi ni Mwanglikana, na nikipenda Mungu nitakufa Mwanglikana. Nazipenda sala zetu, nampenda askofu wetu kama baba. Tena kuna jambo moja katika kanisa letu ambalo siku zote nililihesabu kuwa jema: mlango wetu ni mpana. Mtu huingia, huketi nyuma, husali, huondoka, wala hapana amwulizaye umelala wapi jana. Twaliita jambo hili heshima. Lakini tangu ugonjwa ule nimeanza kujiuliza, je, ni heshima kweli, au ni kutojua tu, nasi tumekuvika nguo nzuri? Kwa maana sioni mtu awezavyo kumpenda mtu asiyemjua. Waweza kumtakia mema, naam, kama tunavyowatakia mema watu wa nchi za mbali katika maombi yetu. Lakini kumpenda jirani kwahitaji kujua kwamba taa yake haijawashwa. Asiyekujua hakuthamini, walisema wazee, wala hawakusema kwamba ni mtu mbaya. Walisema tu kwamba hakujui.

Basi mtu angeweza kufunga neno hapa na kusema, tuige daftari la Wapresbiteri, mambo yamekwisha. La, ndugu zangu, hayajakwisha. Jicho linaloona taa iliyozimika huona na mengine.

Huko Scotland kwenyewe, baraza la wazee ndilo lililowatunza maskini wa kila mtaa kwa sadaka za kanisa, kwa muda mrefu, mpaka sheria ya mwaka 1845 ilipoiondoa kazi hiyo mikononi mwao. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini baraza hilohilo ndilo lililowasimamisha wenye dhambi mbele ya watu wote, Jumapili baada ya Jumapili, ili wakemewe. Robert Burns, mshairi wao mkubwa, alisimamishwa hivyo mwaka 1786 kwa ajili ya uasherati. Mkono uliogawa unga ndio ulioonyesha kidole, na maskini aliyeupokea unga alijua hivyo.

Kwetu Kenya pia lilitokea jambo kubwa. Mwaka 1929 misheni ya Waskoti iliwataka watu wake waweke ahadi ya kukataa tohara ya wasichana, na wengi wakatakiwa kutia kidole gumba katika karatasi, jambo ambalo Wakikuyu waliliita kirore. Tohara ile ilikuwa jambo baya kweli, nasi leo tuna sheria ya mwaka 2011 inayoikataza katika nchi nzima. Lakini kidole gumba kilikuwa alama ya kodi, ya kipande na ya serikali ya wageni. Watu waliona wanahesabiwa kama watu wa kodi, si kama watoto wa nyumba moja. Wengi waliondoka, wakaanza shule zao na makanisa yao. Nataja jambo hili ili tuone kwamba kuwa na haki katika neno lenyewe hakutoshi. Swali la haki laweza kuulizwa kwa namna ya kufukuza.

Na mimi mwenyewe niliona jambo dogo lililo karibu zaidi. Miaka mitatu baada ya ugonjwa wangu, msichana mmoja wa kusanyiko lile, mwalimu wa watoto wa Jumapili, alishika mimba naye hajaolewa. Nyumba yao ilikuwa katika daftari la mzee yuleyule aliyeniokoa. Msichana aliitwa mbele ya baraza, akaondolewa kwenye Meza na kwenye kazi ya watoto kwa muda. Kijana mwenye mimba alikuwa mshiriki wa kanisa lilelile, na watu walimjua, lakini kwa kuwa msichana hakutaka kulitaja jina lake, hakuitwa. Jumapili ya Meza iliyofuata yeye alikula na kunywa, na msichana alikuwa ameketi nje chini ya mti.

Nilimwendea mzee, tukabishana. Alikasirika. Aliniambia kwamba nyumba isiyo na mlango si nyumba, na kwamba sisi Waanglikana hatumwulizi mtu lolote kwa sababu ya uvivu. Sikuwa na jibu kwa neno lile la uvivu. Lakini baada ya siku chache alikuja kwangu jioni, akaketi muda mrefu bila kusema. Kisha akaniambia hivi: "Mwalimu, nilijua kwamba mtoto yule analia, kabla mtu mwingine hajajua. Mama yake aliniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa mzee wa nyumba yao. Nami nililipeleka neno lile kwenye baraza kabla sijalipeleka kwa yule kijana, na kabla sijaketi na yule msichana hata mara moja."

Msichana alihamia Nakuru na mtoto wake, hakurudi. Mwaka mmoja baadaye mzee alipanda basi peke yake akaenda kumtafuta. Aliporudi nilimwuliza ilikuwaje. Alisema tu kwamba alipewa chai. Sikuuliza zaidi. Lakini najua kwamba jina la msichana yule halikufutwa katika daftari mpaka mzee alipofariki.

Katika maneno yale ya mzee nafikiri ndipo jibu lilipo, kama liko. Kumjua mtu ni kama kuwekewa amana. Aliyekuambia shida ya nyumba yake amekuwekea kitu chake mikononi mwako, na dhambi au wema wako utategemea unakipeleka wapi kwanza. Mzee yule alipojua kwamba nimelala mgonjwa, alikwenda barabarani kutafuta gari. Alipojua habari za msichana, alikwenda barazani. Ni mtu yuleyule, daftari lilelile, jicho lilelile. Kwangu mimi ujuzi wake ulikuwa uzima, na kwa yule msichana ulikuwa aibu.

Kwa hiyo nimejiwekea maswali matatu ya kujipima kila ninapotaka kuuliza habari za mtu.

Kwanza, je, niko tayari kubeba kitakachopatikana? Nikimwuliza mama kwa nini haji kanisani, na jibu likawa kwamba hana viatu, au hana nauli, au mumewe ampiga, je, nitarudi kwangu nikiwa na habari tu? Kama sina nia ya kubeba, afadhali ninyamaze. Kuuliza bila kubeba ni umbeya uliovaa joho.

Pili, je, namwuliza kila mtu sawasawa? Jicho linalomwona msichana na kumpita kijana, linalomwona maskini mlevi na kumpita tajiri mlevi kwa sababu ya sadaka yake, si jicho la mchungaji. Ni jicho la mwenye nguvu, nalo huona chini tu.

Tatu, na hili ndilo gumu, je, mlango wangu mimi uko wazi? Katika daftari la mzee yule hapakuwa na ukurasa wa nyumba yake mwenyewe. Ni nani aliyekwenda kubisha kwake, kumwambia kwamba amekosea? Ilitokea tu kwamba mimi Mwanglikana, mtu wa nje, nilikuwa na hasira siku ile. Anayeuliza naye aulizwe. Bwana wetu alipowaosha wanafunzi miguu, Petro alitaka kukataa, akafundishwa kwamba asiyekubali kuoshwa hana sehemu. Wengi wetu twapenda kuosha, lakini miguu yetu tumeificha katika viatu.

Sasa nije kwetu, na hapa sitamsema mtu ila mimi mwenyewe.

Niliporudi Rabai baada ya kustaafu, mlinichagua kuwa mlinzi wa kanisa. Moja ya kazi zangu ilikuwa kuhesabu watu kila Jumapili na kuandika katika daftari la ibada: waliohudhuria, walioshiriki, sadaka kiasi gani. Nilihesabu kwa uaminifu sana, nikisimama nyuma karibu na mlango. Katika Kwaresima ya mwaka mmoja, bibi mmoja aliyekuwa akiketi benchi la tatu upande wa dirisha alikosa kuja. Nami sikuona. Idadi haikupungua, kwa maana Jumapili hizo tulikuwa na wageni na vijana wa kipaimara. Pasaka ilikuwa na watu wengi kuliko miaka yote, nikaiandika hesabu ile kwa furaha. Baada ya Pentekoste ndipo mtu alipotaja kwamba bibi alianguka, akavunjika nyonga, akachukuliwa kwa binti yake mbali, na kwamba amekwisha kuzikwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwapo. Amekaa katika kanisa hili tangu ubatizo wake, na hesabu zangu zote za Jumapili zile ni sahihi.

Mchungaji wa ule mfano wa kondoo mia aliacha tisini na tisa akamtafuta mmoja. Zamani nilidhani alijua kwa kuhesabu. Sasa sidhani hivyo. Mtu anayehesabu tu, kondoo wa jirani akiingia zizini, atapata mia kamili na kwenda kulala. Yeye alijua ni yupi aliyepotea, ndiyo maana hakutosheka.

Huenda mtu akasema kwamba siku hizi kila mmoja ana simu mkononi, na kanisa lina kikundi cha kupeana habari. Ni vizuri, nami nimo. Lakini simu humpasha habari yule anayeuliza. Bibi yule hakuwa na simu, na mimi niliyekuwa nayo sikuuliza.

Sipendi kuleta sheria mpya katika parishi. Halmashauri ya kanisa itafakari kama inafaa kugawa nyumba zetu kwa watu wachache wachache, waume kwa wake, na akina mama wa Umoja wamekwisha kutuonyesha njia kwa kuwatembelea wagonjwa. Mimi ninaomba jambo dogo tu. Kila mmoja wetu achague milango mitano iliyo karibu naye, aijue. Asiandike dhambi zao. Ajue tu kama taa imewashwa. Na katika hiyo mitano, amwambie mmoja wazi kabisa: "Na wewe unijue mimi. Nikikosa kuja, uje ubishe, na nikikosea, uniambie."

Mimi nimekwisha kumwambia mmoja. Ni kijana fundi wa baiskeli hapo njia panda, naye alicheka, akidhani namtania. Lakini Jumapili iliyopita nilichelewa kwa sababu ya mvua, na kabla ya somo la pili nilimwona amesimama mlangoni pangu, amelowa, akiuliza kama ni mzima.

Bwana atupe macho ya kuona, na mikono ya kubeba kile tulichokiona, na unyenyekevu wa kuonwa na wengine. Amina.